Magurudumu Mapana ya Kamaria

Siku Kamaria binti Zalifa alipobadilisha dhahabu ya ndoa yake kwa gari la watu wawili, Moroni nzima ililala imeshiba maneno.

Ilikuwa mwisho wa mwaka ule wa uhuru. Wafaransa walikuwa wakiondoka mbio mbio kama watu waliosikia nyumba ya jirani inaungua, na walichoshindwa kukipakia walikiacha kwa yeyote aliyekitaka. Mke wa injinia mmoja alikuwa na gari la spoti, la njano iliyoiva, fupi, la chini, injini yake nyuma na sauti yake kama ya simba aliyefungiwa ndani ya pipa. Yeye alilitazama kwa huzuni. Kamaria alilitazama kwa njaa. Wakakaa barazani, mmoja akafungua kasha la mikufu na bangili, mwingine akaweka funguo mezani, na kabla ya adhuhuri kila mmoja alikuwa ameridhika.

Kwa watu wa Ngazidja, kisiwa ulipo mji wa Moroni, dhahabu ya ndoa kubwa si pambo tu. Ni heshima ya mwanamke na ya nyumba iliyomzaa. Mji mzima hula, hucheza na kushuhudia siku anapovishwa. Lakini mume aliyemvisha Kamaria alikuwa amehamia Marseille, na talaka yake ilikuja kwa mdomo wa msafiri, kama salamu. Tangu hapo dhahabu ilikaa kashani, Kamaria akakaa nyumbani, ikawa kana kwamba wote wawili wanangoja mtu mwingine aje kuwatoa.

"Umeuza shingo ukanunua miguu," mama yake alimwambia, mikono kichwani.

"Miguu ndiyo niliyokuwa sina, mama."

Kuendesha alijua. Alikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ya barabara, na dereva mmoja wa pale alimfundisha kwa gari la kazi, mchana, nyuma ya bohari, kwa sharti kwamba asimtaje kwa mtu. Kwa hiyo safari yake ya kwanza na gari la njano hakuogopa usukani. Alikuwa anakwenda Itsandra, mji wa pwani ulio jirani tu upande wa kaskazini, mahali ambapo mtu mwenye afya huenda kwa miguu akarudi. Gari halikurudi kwa miguu yake. Lami ilikuwa imetoboka, na chini ya lami ya Ngazidja kuna jiwe la volkano, jeusi, lenye meno. Tumbo la gari liligonga, likakwaruza, likagonga tena, na mbele ya wavuvi waliokuwa wakigawana samaki, ekzosi ikakatika ikaanguka. Kelele iliyofuata iliwatoa nje hata wagonjwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha kwa ukarimu wakalisukuma hadi Moroni, wakicheka njia nzima.

Tangu siku hiyo gari likaitwa Kasa, kwa kuwa kama kasa aliyepanda ufukweni lilikuwa linaburura tumbo.

"Kasa hajambo leo?" watu walimuuliza Kamaria sokoni.

"Hajambo. Anawasalimu."

Alijibu hivyo akicheka nao, lakini moyoni jambo lilikuwa linamchoma. Hakutoa dhahabu yake ili awe kichekesho kinachosukumwa.

Mambo yakazidi kuharibika kabla hayajatengenea. Mwaka wa pili wa uhuru serikali mpya, serikali ya mapinduzi, ilifunga ofisi na kuwaachisha kazi makarani, Kamaria akiwamo. Kazi za mitaa zilishikwa na kamati za vijana, wengine wametoka darasani juzi. Barabara hazikuwa na mtu wa kuziziba. Kila mvua ikinyesha shimo lilizaa shimo, na Kasa akabaki uani chini ya turubai, akinguruma Ijumaa kwa Ijumaa ili betri isife.

Siku moja Kamaria alikwenda kwa Salimou, fundi mwenye asili ya Mutsamudu, katika kisiwa jirani cha Nzwani, aliyekuwa na gereji yake nyuma ya soko. Salimou alilala chini ya gari muda mrefu, akatoka na vumbi usoni.

"Gari halina kosa," alisema. "Lilizaliwa kwa barabara nyingine, basi."

"Na mimi barabara yangu ni hii. Tufanyeje?"

"Hapa dawa ni magurudumu. Rimu kubwa kuliko hizi, tairi refu na pana, gari lipande juu. Hata hivyo si kazi ya kuvua na kuvaa. Tairi pana litasugua madigadi, haya mabati ya juu ya gurudumu, litasugua vyuma vya ndani, usukani utakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Na kwanza, rimu zenyewe utazipata wapi? Meli hazileti hata sabuni."

"Hujawahi kuziona mahali?"

Salimou alijifuta mikono polepole. "Niliwahi. Kule kwetu. Tajiri mmoja wa karafuu aliagiza rimu nne pana pamoja na matairi yake, kwa gari kama hili hili. Hazikutoka kwa waliounda gari, zilitengenezwa na mafundi wengine wa huko Ulaya, kazi ya mashindano. Gari lake likaingia korongoni kabla mzigo haujafika. Sasa yeye kakimbilia ng'ambo, mkewe yuko Hombo. Anaitwa Djaouharia. Ila usijisumbue, dada. Yule mama hauzi hata sindano."

"Sindano siitaki."

Kabla hajasafiri, kamati ya mtaa ikamjia. Kiongozi wao alikuwa Tadjidine, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekulia nyumba ya tatu kutoka kwao, mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alisimama uani pamoja na wenzake wawili, akalitazama lile turubai kana kwamba chini yake kuna mtu amejificha.

"Dada Kamaria, tumelijadili gari lako."

"Mmelijadili bila mimi wala lenyewe?"

"Ni alama ya ubepari. Haliwezi kubeba gunia la mchele. Mgonjwa hawezi kulala ndani yake. Shambani halifiki. Linakula petroli ya wananchi kwa starehe ya mtu mmoja."

"Wawili. Lina viti viwili."

Mmoja wa wale vijana alicheka, Tadjidine akamgeukia, kicheko kikafa.

"Kamati inakupa njia," aliendelea. "Liendeshe kwa ajili ya mapinduzi. Kila mkutano utaingia nalo uwanjani, kichwa wazi, watu wamwone mwanamke aliyekombolewa. Ukikataa, Jumapili baada ya mwezi kuandama utalileta uwanjani lihukumiwe mbele ya umma, na litakuwa mali ya kamati."

Kamaria alivuta mkeka akakaa. Hasira yake ilikuwa ya aina ile inayompa mtu utulivu.

"Tadjidine, sikiliza. Mjomba wangu anataka nilifiche gari hili kwa sababu mimi ni mwanamke. Wewe unataka nilionyeshe kwa sababu mimi ni mwanamke. Ni nani kati yenu atakayeniacha niende Itsandra kwa kuwa tu nataka kwenda Itsandra?"

"Hiyo ndiyo lugha ya ubinafsi."

"Basi ndiyo lugha yangu. Mwezi ukiandama mtaniona."

Mjomba mwenyewe alikuja jioni hiyo hiyo. Aliitwa Mzé, kaka mkubwa wa Zalifa, mama yake Kamaria, na katika ukoo neno lake lilikuwa la mwisho. Zamani alikaa mstari wa mbele katika kila shughuli ya mji, amevaa joho. Sasa vijana walikuwa wamepiga marufuku shughuli, na joho lilikuwa sandukuni. Aliongea kwa upole wa mtu aliyezoea kutiiwa bila kupaza sauti.

"Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Wape gari. Wakishapita hawa, tutakutafutia dhahabu nyingine na mume mwingine."

"Nimeibusu mingi, mjomba," Kamaria alisema. "Mdomo umechoka."

Mzé aliinuka akaondoka bila kumaliza kahawa, na Zalifa akalia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumjibu kaka yake hivyo ndani ya nyumba ile.

Kamaria alivuka bahari kwa meli ndogo ya mizigo na kufika Mutsamudu asubuhi, mlima ukiwa umeusukuma mji mpaka ukingoni mwa maji. Vichochoro vya mji wa kale vilikuwa vyembamba hata wakutanapo wawili mmoja hugeuka ubavu. Aliuliza njia, akapanda teksi ya watu wengi mpaka Hombo, akauliza tena, akafika kwenye nyumba yenye mlango mzito usio na kufuli.

Djaouharia alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, amejitanda shiromani nyekundu kama wafanyavyo wanawake wa Nzwani. Kingazidja cha mgeni na Kinzwani cha mwenyeji viligongana kwanza kama vikombe kwenye sinia, kisha vikazoeana. Alimkaribisha chai isiyo na sukari, akaomba radhi kwa sukari, akasikiliza. Alipomaliza kusikiliza alimwongoza chumbani.

"Kamati ya hapa ilichukua lori," alisema. "Ikachukua mizani, ikachukua redio, ikachukua kufuli la mlango. Walipokuja kutafuta kilichobaki, walikaa hapo wakapumzika, wakanywa maji yangu, wakaondoka."

Alinyanyua shuka lililofika sakafuni. Kila mguu wa kitanda ulikuwa umesimama katikati ya gurudumu jipya: rimu za rangi ya fedha, mbavu zake pana, na juu yake matairi meusi ambayo vinyweleo vya mpira bado vilikuwa havijasuguliwa na njia yoyote.

Kamaria alipiga magoti akayagusa. Hakuweza kujizuia.

"Una mgonjwa wa kubeba?" aliuliza Djaouharia.

"Sina."

"Una biashara?"

"Sina."

"Basi ya nini?"

Kamaria angeweza kusema uongo mzuri. Njiani alikuwa ametunga kadhaa. Lakini mbele ya mwanamke huyu aliuacha wote.

"Barabara ya kwetu inatoka Moroni inazunguka kisiwa," alisema. "Nimeishi juu yake maisha yangu yote, na mwisho wangu ni Itsandra, tena nimerudishwa kwa kusukumwa. Nataka niende mbele ya hapo, mimi mwenyewe, nikiwa nimeshika usukani. Sina sababu nyingine."

Djaouharia alikaa kitandani. Akalilainisha shuka kwa kiganja.

"Mume wangu aliyaagiza haya ili aonekane," alisema. "Mimi nimeyaficha ili yasionekane. Hakuna kati yetu aliyewahi kuyatembeza." Akainuka, akashika upande mmoja wa kitanda. "Shika kule."

"Na bei, bibie? Nina cherehani nyumbani, naweza—"

"Kilichofichwa hakina bei. Shika kule, nimesema, mgongo wangu hauna subira."

Bandarini mgambo mwenye bunduki aliyazuia magurudumu. Wapagazi wawili waliokuwa wameyabeba waliyashusha, na mmoja akamnong'oneza Kamaria aseme ni ya gari la hospitali. Kila mtu husema hivyo, hupita.

"Haya ni ya nini?" aliuliza mgambo.

"Ya gari la spoti."

"La nani?"

"Langu."

"Kwa kazi gani?"

"Ya kutembelea."

Mgambo alimkodolea macho. Bila shaka siku hiyo alikuwa amesikia habari za hospitali kutoka kwa watu wengi, na jibu hili hakuwa ameliandalia neno. Nahodha akapiga kelele kwamba maji yanakupwa, nani atamjibu kamanda meli ikikwama? Mgambo akapunga mkono kwa hasira, na magurudumu yakapanda. Kamaria alikaa juu yake mpaka Moroni.

Kuyafunga kulichukua muda mrefu kuliko kuyapata. Matundu ya boliti yalilingana, hilo Salimou alilishukuru kwa sauti. Lakini gurudumu la kwanza lilipokaa mahali pake, upande wa ndani ulikumbatia chuma cha springi, ukakataa hata kuzunguka. Salimou alikata pete za chuma kutoka kwenye bamba la zamani, akaziweka kati ya habu, kile kitovu kinachoshika gurudumu, na rimu ili gurudumu litoke nje kidogo, akatafuta boliti ndefu kwenye mabaki ya gari la mizigo. Gurudumu likatoka nje. Sasa likagota kwenye digadi.

"Hapa hakuna ujanja," alisema. "Ni kukata bati. Na bati likishakatwa halirudi. Fikiri, dada. Rangi hii ni ya kiwandani."

Zalifa alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji. Alikuwa amekuja kwa kisingizio cha kuleta chakula.

"Atakata bati lililonunuliwa kwa mkufu wangu?" alisema. "Mkufu ule nilimchagulia mimi!"

Kamaria alichukua msumeno wa chuma mkononi mwa Salimou. Akachora mstari kwa chaki kufuata upinde wa tairi, akapanda goti juu ya kigoda, akaanza. Sauti ilikuwa mbaya, ya kusisimua meno. Unga wa njano ulimwagika miguuni mwake. Alipochoka mkono wa kulia alihamia wa kushoto, na hakumpa fundi msumeno hadi digadi la kwanza lilipoachia. Salimou akapiga kingo kwa nyundo zikageuka ndani. Wakashusha jeki, wakakata usukani kushoto, tairi likasugua. Wakapandisha, wakakata tena. Ilipofika la nne hata Zalifa alikuwa anaonyesha kwa kidole: "Hapo bado. Hapo."

Gari liliposimama kwa magurudumu yake mapya, halikuwa Kasa tena. Tumbo lilikuwa limeachana na ardhi. Mabega yalikuwa yamevimba, tairi limetokeza kando kama mtu aliyepanua miguu akisema simpishi mtu hapa. Halikuwa zuri kama zamani, kwa kweli. Kingo za madigadi zilikuwa na makovu, na Salimou alizipaka rangi ya njano isiyofanana na ile ya mwanzo. Usukani ulikuwa mzito hata mabega yaliuma. Kamaria alilipenda zaidi.

Mwezi ukaandama. Jumapili asubuhi vijana walikuwa wamejaza uwanja, ngoma zinapigwa. Kamaria alivua turubai, akamimina petroli aliyokuwa ameilimbikiza kidogo kidogo, akakaa. Mlango wa pili ukafunguka. Mama yake akaingia, amevaa nguo ya sikukuu, akafunga mlango kwa kishindo.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Dhahabu ile niliitunza miaka mingi. Nina haki ya kuikalia."

Uwanja ulikuwa kulia. Kamaria akapinda kushoto.

Lakini Tadjidine hakuwa mjinga. Mwisho wa mji, penye njia ya Itsandra, alikuwa amepanga mawe meusi kutoka ukingo hadi ukingo, na mwenyewe alisimama nyuma yake pamoja na kundi la wenzake. Kamaria akasimamisha gari bila kuzima.

"Uwanja uko nyuma yako, dada," Tadjidine alisema.

"Nimezaliwa hapa. Najua uwanja ulipo. Ondoa mawe."

"Siwezi." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Nikikuachia wewe, kesho ni nani atakayenisikiliza?"

"Hilo ni tatizo lako, Tadjidine. Usiliegeshe mbele ya gari langu."

Akatia gia ya nyuma. Vijana wakashangilia, wakidhani amesalimu amri. Alirudi mpaka pale ukingo wa barabara unapoteremka kwenye uwanja wa lava ya kale, mawe yaliyovimba na kupasuka, vichaka vimejishikiza kwenye nyufa. Hakuna gari lililowahi kupita hapo. Zalifa alianza kusoma Yasin. Kamaria akakaza meno, akauzungusha ule usukani mzito, akaingia.

Gari liliruka, likainama ubavu, likainuka. Alisikia jiwe likikwaruza upande, akasikia rimu ya mbele ikigonga kitu kigumu kwa mlio wa kengele iliyopasuka. Alingoja ule mgongano wa tumbo alioukumbuka, ule uliomvunja mbele ya wavuvi. Haukuja. Tairi pana liling'ang'ania jiwe, likalipanda, likalishuka upande wa pili. Injini ilinguruma nyuma yao, bati lilitetemeka, mama yake alisoma kwa sauti ya kupigana, na mara pua ya njano ikachomoza barabarani, ng'ambo ya mawe, nyuma ya migongo ya kamati nzima. Vijana wawili watatu walipiga makofi kabla hawajakumbuka wako upande gani.

Itsandra watu walitoka majumbani. "Kasa kaota miguu!" alipaza sauti mvuvi mmoja, na safari hii kicheko chao kilikuwa cha kumshangilia. Ntsoudjini wakapita bila kupunguza mwendo. Mashimo yalikuja, gari likayameza. Wakaenda, bahari kushoto, mlima kulia, mpaka Mitsamiouli kaskazini kabisa mwa kisiwa, wakashuka, wakala mkate na samaki mkavu juu ya mchanga mweupe. Zalifa alicheka peke yake kwa muda mrefu, bila kusema anacheka nini.

"Tulale huku kwa jamaa," alisema baadaye. "Wakipoa tutarudi."

"Nikilala nitakuwa nimekimbia, mama. Mimi nimetembea tu."

Walirudi kwa njia ile ile kabla ya magharibi. Mawe yalikuwa yameondolewa. Kamaria aliendesha mpaka katikati ya uwanja, ambako watu hawakuwa wametawanyika, akazima injini, akashuka.

"Mlisema nilete gari uwanjani," alimwambia Tadjidine. "Nimelileta. Saa nimechagua mimi."

Alihukumiwa pale pale. Gari litakuwa la kamati, na yeye atabeba mawe kwenye barabara mpya ya vilimani mpaka mvua zije. Mtu mmoja wa kamati, mpole, alimshauri aseme mbele ya umma kwamba anajuta, adhabu ipunguzwe. Kamaria akapanda jukwaani.

"Ninajuta," alisema kwa sauti kubwa. "Ninajuta sikulinunua mapema."

Uwanja ulivunjika kwa kicheko, na adhabu ikaongezwa.

Akabeba mawe. Yalimchuna mabega na kumtoboa viganja, na siku nyingine alirudi nyumbani akashindwa kushika kijiko. Hakuwa peke yake. Kulikuwa na wanawake wengine, huyu kwa kusherehekea harusi iliyokatazwa, yule kwa kumtukana mgambo, na walipopandisha kilima waliimba, mawe vichwani, nyimbo za harusi ile ile iliyokatazwa. Kamati ililiendesha gari wiki chache. Hakuna aliyeuweza usukani, na mwishowe walilivunja klachi wakaliegesha kwenye ua wa ofisi. Salimou alilitengeneza klachi kwa amri yao, lakini hakuna aliyerudi kuligusa. Habari zikafika hata Nzwani. Mpagazi mmoja alileta salamu za Djaouharia, kwamba Hombo sasa wanajua magurudumu yale yalikwenda wapi.

Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, askari wa kukodiwa walishuka ufukweni gizani, na asubuhi serikali ya mapinduzi haikuwapo. Watu walicheza mitaani. Majoho yalitoka masandukuni, joho la mjomba Mzé likiwa la mbele.

Kamaria alikwenda kwenye ua wa ofisi. Akakuta mlinzi mpya langoni, na wazee wa mji wamekaa kivulini kwenye viti, mjomba wake katikati. Pembeni, juani, walikaa vijana wa kamati wamefungwa kamba mikono, Tadjidine miongoni mwao, midomo imevimba.

"Karibu, mama," mlinzi alisema kwa uchangamfu. "Huyu si ndiye aliyekutesa? Mteme mate. Wenzako wote wamemtema."

Kamaria alimtazama Tadjidine, naye akainua macho akangoja.

"Mimi na huyu tuna maneno," alisema Kamaria. "Nitasema naye akiwa hana kamba. Nimekuja kuchukua gari langu."

Mlinzi akawageukia wazee. Mzé akakohoa.

"Mwanangu, utaratibu umerudi. Mambo ya wanawake kuzurura yalikuwa ya wale. Gari litauzwa, nami nitasimamia. Dhahabu yako itarudi, na jina la nyumba yetu pia. Nenda nyumbani."

Kamaria alisimama pale akihisi jambo la ajabu: hakuogopa. Aliwaangalia wenye majoho waliokaa kivulini, akawaangalia waliofungwa juani, akaona kwamba tangu mwaka ule wa uhuru watu walikuwa wakibadilishana viti tu, na kila aliyekalia kiti alimwambia aende nyumbani au aende uwanjani.

"Mjomba, shikamoo," alisema. "Kiti chako kiko njiani."

Akapita, akafungua mlango wa gari. Betri ilikuwa imekufa na matairi mawili yamelala. Alikuwa amekuja na pampu ya mguu na ufunguo wake wa akiba. Akaanza kupiga, jasho likamtiririka, mlinzi akiwa amesimama asijue kama amri aliyopewa inafika mpaka kwenye kumshika mwanamke mikono. Wakati huo Zalifa aliingia langoni, na nyuma yake wanawake wa mawe, wale wa kilimani, wamevaa leso za sherehe kwa kuwa walikuwa wametoka kucheza. Hakuna aliyeomba ruhusa. Walilizunguka gari wakaweka mikono juu ya bati, mikono iliyozoea uzito.

"Utatuaibisha, Zalifa!" Mzé alimwambia dada yake.

"Inuka, kaka," Zalifa alisema. "Tusikuumize."

Mzé akainuka, akashika kiti chake mwenyewe, akakisogeza.

Gari lilitoka langoni taratibu, likashika mteremko wa barabara ielekeayo kusini, upande ambao Kamaria hakuwahi kwenda. Magurudumu mapana yakaanza kuvingirika yenyewe. Kamaria akakanyaga klachi, akatia gia, akaachia, injini ikakohoa, ikazima, akarudia. Wanawake walikuwa wakikimbia nyuma yake, leso zinapepea, na juu ya sauti zao zote alisikia ya mama yake ikipiga kelele, "Ya pili! Tia ya pili!" Akatia ya pili. Injini ikashika kwa mngurumo mmoja mkubwa, na hakuthubutu kusimama hata kuwashukuru, isije ikazima tena. Alitoa mkono dirishani akaupunga, akakanyaga mafuta.